Bundi wa Pemba na Miti Mikongwe ya Kusini

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi, wazazi na wakulima katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Mtwara. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa, pamoja na maswali yaliyoulizwa mwishoni.

Ndugu mwenyekiti wa kijiji, mkuu wa shule, walimu wenzangu, viongozi wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, mliofika. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na baba zangu, poleni na kazi za shamba. Wanafunzi, hamjambo?

Nilipoombwa kuja kuzungumza habari za mazingira, niliomba ruhusa nizungumze habari za ndege mmoja tu, nikakubaliwa. Ndege mwenyewe ni bundi. Naona baadhi ya nyuso zimekunjamana, wala sishangai, maana na mimi nimelelewa pwani hii hii na najua tunavyofundwa tangu utotoni. Bundi hatajwi usiku. Bundi akitua juu ya paa, watu wa nyumba ile hawapati usingizi. Naomba mnivumilie kwa muda huu mfupi, kisha kila mtu ataamua mwenyewe.

Bundi ninayetaka kuanza naye haishi hapa Mtwara. Anaishi kisiwani Pemba, na nje ya Pemba hapatikani popote duniani. Ukimtafuta Unguja humpati. Ukivuka kwenda Tanga, ambako siku ya anga nyeupe si mbali kwa macho ya baharia, humpati. Wataalamu wanamwita Otus pembaensis. Aliyemwandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi ni Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni Zanzibar, mwaka 1937. Kwa muda mrefu baada ya hapo wengine walimhesabu kuwa ni tawi tu la bundi wa Madagaska, lakini siku hizi anatambuliwa kuwa ni ndege wa peke yake.

Ni mdogo kuliko mnavyodhani. Tangu utosini hadi ncha ya mkia ni kama sentimita 20, na ukimshika anajaa kiganjani. Macho yake ni ya njano. Kichwani ana vishungi viwili vifupi ambavyo watu huvidhania masikio. Masikio yenyewe yako pembeni mwa uso, yamefunikwa na manyoya. Kuna wenye rangi ya kahawia na kuna wenye wekundu kama udongo wetu wa Newala, na wote ni ndege wale wale. Chakula chake hasa ni wadudu.

Niliishi Pemba kwa kipindi fulani nikifundisha, upande wa Wete, na huko ndiko nilikomsikia. Ulikuwa msimu wa karafuu. Wenyeji wangu walikuwa wameanua majamvi kwa sababu ya umande, na watu wa nyumba nzima, wakubwa kwa watoto, walikuwa wamekaa barazani wakichambua karafuu za siku ile, makonyo upande mmoja na karafuu upande mwingine, taa katikati. Vidole vyote vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Katika mkarafuu ulio nyuma ya jiko ikatoka sauti moja: huu. Kimya kidogo. Tena: huu. Kisha mti wa pili ukajibu kwa sauti nyembamba zaidi. Dume na jike walikuwa wakiitana, zamu kwa zamu, kwa utaratibu ambao mtu angeweza kuufuata kwa kupiga kofi. Bibi wa nyumba ile akasema taratibu, "Mungu atustiri," akaendelea kuchambua. Hakuna aliyemrushia jiwe. Lakini hakuna aliyefurahi pia, na kijana mmoja aliinuka akaenda kufunga dirisha.

Nimelifikiria dirisha lile mara nyingi. Hofu ya bundi iko Pemba, iko Mtwara, iko Lindi, na wazee wetu hawakuwa wajinga. Waliona kitu wakakitafutia maana. Mimi naomba tukitazame kitu kile kile walichokiona. Zamani, kabla ya umeme kufika vijijini, nyumba gani ilikuwa ikiwasha taa usiku kucha? Nyumba yenye mgonjwa mahututi. Nyumba nyingine zilizima vibatari mapema ili kubana mafuta. Taa inayowaka usiku kucha inaita nondo, kumbikumbi na mbawakawa. Nondo wanaita bundi. Bundi anatua kwenye paa lile lile, analia kama anavyolia kila usiku, na alfajiri mgonjwa anafariki. Watu wakaunganisha mambo mawili yaliyotokea pamoja. Bundi alifuata nondo.

Na kuna jambo la pili. Bundi hulia karibu kila usiku, mwaka mzima, na usiku mwingi hakuna anayekufa. Usiku huo hatuukumbuki. Tunakumbuka ule mmoja. Mtu akihesabu namna hiyo hata jogoo anaweza kushitakiwa kwa uchawi.

Wahenga walisema usilolijua ni sawa na usiku wa giza, na bundi ni mwenyeji wa usiku wenyewe, kwa hiyo amebebeshwa giza lote. Mwangalieni alivyoumbwa. Macho yake hayazunguki ndani ya kichwa kama yetu, yamekaa imara kwenye mifupa, ndiyo maana hugeuza shingo nzima. Sisi tuna pingili 7 za shingo, yeye ana 14. Uso wake wa duara unakusanya sauti na kuipeleka masikioni. Manyoya ya mabawa yana ncha laini za nyuzinyuzi zinazovunja upepo, hivyo akipita juu ya kichwa chako husikii kitu. Unamwona ameshafika. Nadhani sehemu kubwa ya hofu yetu imetoka hapo: kiumbe kikubwa kinakupitia gizani bila sauti, halafu kinakutazama usoni kwa macho yaliyo mbele kama ya binadamu.

Sasa turudi Pemba, kwa sababu kuna swali ambalo mwanafunzi mzuri angeshaniuliza. Kwa nini ndege huyu yuko kisiwa kimoja tu?

Jibu liko chini ya bahari. Unguja na Mafia zimekaa kwenye kingo za bara, maji ya kati yake na bara si ya kina kirefu. Miaka kama 20,000 iliyopita, dunia ilipokuwa ya baridi kali na maji mengi yameganda kuwa barafu huko kaskazini na kusini kabisa, bahari ilishuka zaidi ya mita 100. Wakati ule mnyama angeweza kutembea kwa miguu mpaka Unguja. Ndiyo maana Unguja ina chui katika historia yake, na paa, na wanyama wengine wa bara. Pemba ni habari nyingine. Mkondo wa Pemba ni wa kina cha mamia ya mita, na bahari iliposhuka kiasi kile bado Pemba ilibaki imezungukwa na maji. Imejitenga na bara kwa muda mrefu mno, muda wa kuhesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Ndege aliyepeperushwa na upepo akafika kule akazaa, watoto wake wakazaa, na vizazi kwa vizazi wakawa ndege wengine. Ndivyo Pemba ilivyopata bundi wake, njiwa wake wa kijani, chozi wake, na popo wake mkubwa mlamatunda. Hata msitu wa Ngezi, kule kaskazini magharibi ya kisiwa, una mpapindi, mtende wa msituni usioota kwa asili mahali pengine.

Wazee wa Mikindani wanazijua safari za Ngazija tangu enzi za majahazi. Basi mtashangaa kusikia kwamba visiwa vile vinne vya Komoro kila kimoja kina bundi wake mdogo wa aina hii. Ngazija ana wa kwake, kwenye misitu ya mlima Karthala, ule wa volkano, na wanasayansi hawakumjua mpaka mwaka 1958. Wa Nzwani alijulikana miaka ya 1880, kisha akapotea katika kumbukumbu za sayansi kwa zaidi ya miaka 100, watu wakadhani ametoweka, hadi aliposikika tena mwaka 1992. Wa Mwali aligunduliwa 1995. Maore wana wao. Ushelisheli pia wana bundi waliyedhani ameshakwisha, akaonekana tena kisiwani Mahé mwishoni mwa miaka ya 1950 kwenye misitu ya ukungu ya milimani, na kiota chake cha kwanza hakikuonekana na mtaalamu yeyote hadi 1999.

Na upande wa pili wa Afrika, kisiwa cha Príncipe, bundi mpya alitangazwa mwaka 2022. Juzi tu. Huyu nataka wanafunzi wamsikilize. Wenyeji walikuwa wanajua tangu zamani kwamba msituni kuna kitu kinalia usiku. Wanasayansi walikuja na kuondoka. Aliyewafikisha hasa ni mtu wa pale pale kisiwani, Ceciliano do Bom Jesus, anayeitwa kwa jina la utani Bikegila, ambaye zamani alikuwa akikamata kasuku wa kuuza, baadaye akawa mlinzi wa hifadhi. Alipanda miti ile, aliijua misitu ile, na ndege akapewa jina lake: Otus bikegila. Kijana wa Msimbati au wa Nachingwea asidhani kwamba mambo haya ni ya watu wenye miwani kutoka mbali. Anayelijua pori ni yule anayelala karibu nalo.

Sasa niseme kwa nini nimewaletea bundi wa Pemba hapa kwenye mikorosho.

Pemba yote ni kilomita za mraba kama 988. Msitu wa asili umebaki kidogo, Ngezi na Msitu Mkuu na vipande vingine. Kilichobaki ni mashamba. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa nyumba ya karafuu. Misitu ikafyekwa, mikarafuu ikapandwa. Ungetegemea bundi afe na msitu wake. Hakufa. Alihamia kwenye mikarafuu. Mkarafuu mkongwe una majani mazito, kivuli kinene, na mashina yake ya zamani yana mapango. Mkulima wa Pemba, bila kukusudia, alimjengea bundi msitu wa pili.

Naomba tukae hapa kidogo, maana ndipo penye jambo langu lote.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Bundi ana miti na hana ujenzi. Hasuki kiota kama mnana, hachongi shimo kama kigogota. Anategemea pango ambalo limejitengeneza. Na pango la mti halitengenezwi mwaka mmoja. Tawi kubwa linavunjika kwa upepo. Maji ya mvua yanaingia pale palipovunjika. Ukungu na kuvu vinaanza kula moyo wa mti polepole, huku ganda la nje likiendelea kuishi na mti ukiendelea kuzaa. Miaka inapita, kumi, ishirini, zaidi, ndipo shimo linakuwa na upana wa kumtosha ndege, na kina cha kumkinga mvua na kicheche. Mti wa miaka mitano, hata uwe mzuri namna gani, hauna chumba. Ukiukata ule mkongwe leo na kupanda mche kesho, umepanda mti, ni kweli, lakini nyumba umeiondoa kwa muda wa maisha ya mtu.

Bundi wa Pemba yuko kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na sababu ni hiyo hiyo: msitu unapungua, mikarafuu mikongwe inakufa au inakatwa kuni, na kisiwa hakina mahali pa kumpeleka. Akikosa Pemba amekosa dunia.

Mnaona ninakoelekea. Sisi hapa tuko kwenye kipindi cha kubadilisha mikorosho. Kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele tumepata mbegu bora, zinazozaa mapema na kustahimili magonjwa, na mimi ni mkulima pia, sitasimama hapa kumwambia mtu aache miche inayomwongezea kilo ghalani. Mikorosho mizee iliyopandwa na babu zetu inang'olewa, na mingine inaishia kwenye tanuri la mkaa. Msimu uliopita nilikuwa shambani kwa jirani yangu siku mkorosho mkubwa unaangushwa. Msumeno ulipofika katikati ukalia tofauti, kwa sababu ndani palikuwa patupu. Mti ulipolala, kwenye pango tukakuta makinda mawili ya kibundi mdogo wa bara, ndugu wa yule wa Pemba. Walikuwa na manyoya meupe mepesi kama pamba ya msufi, macho bado yamefumba, na mmoja alikuwa ameshakufa. Chini yao palikuwa na vipande vya mabawa ya panzi na miguu ya mbawakawa, tabaka juu ya tabaka. Jirani yangu ni mtu mwema, alisikitika kweli. Alisema, "Mwalimu, ningejua ningeuacha huu nikakata ule." Na ule wa pili ulikuwa hatua chache kutoka pale, hauna pango, hauzai. Kazi ya kujua ingechukua dakika tano na tochi.

Kuna bundi mwingine ambaye mnamfahamu zaidi, yule mweupe mwenye uso mfano wa moyo, anayekaa darini na kwenye magofu. Huyu ndiye anayepiga ule ukelele mkali wa usiku, na makinda yake hukoroma darini mpaka watu wakahama nyumba. Leo asubuhi mlinzi wa shule hii ameniokotea vitu hivi chini ya dari la stoo. Mwanafunzi wa mbele, hebu njoo ushike karatasi. Hili bonge jeusi lililokauka si kinyesi. Bundi humeza panya mzima, nyama inayeyuka tumboni, na mifupa na manyoya anayatapika yamefungwa pamoja. Navunja hapa. Haya ni manyoya. Hili ni fuvu, tazameni meno ya mbele ya rangi ya chungwa, panya huyo. Hili la pili. Na hapa kuna taya la tatu. Panya watatu katika bonge moja, na chini ya dari lile yako mabonge yasiyohesabika. Mama zangu mnaohifadhi mahindi, mtama na mbaazi ndani, mnajua panya mmoja anafanya nini kwenye gunia kwa mwezi. Bundi hawa wakiwa na makinda wanaua panya mamia kwa mamia kwa mwaka, bure. Halafu tunanunua sumu ya panya ya dukani, panya aliyekula sumu anayumbayumba uani, bundi anamkamata kirahisi, na bundi naye anakufa. Tumelipa hela kumuua mfanyakazi wetu.

Nije kwenye misitu yetu. Tumezoea kusema kisiwa ni nchi iliyozungukwa na maji. Nendeni Rondo, kule juu Lindi. Nendeni Litipo karibu na ziwa Lutamba, au Chitoa, au hapa kwetu msitu wa Ziwani. Ni vipande vya msitu wa pwani vilivyozungukwa na ufuta, mihogo na mikorosho pande zote. Kwa mnyama asiyeweza kuvuka shamba la wazi, pale ni kisiwani. Na kama Pemba ilivyo na bundi wake, misitu hii ina komba wake, komba wa Rondo. Ni mdogo kuliko komba mnaowasikia wakilia kwenye mibuyu, uzito wake ni kama gramu 60 tu, na sayansi ilimtambua rasmi miaka ya 1990. Zaidi ya vipande hivyo vya kusini anapatikana vipande vichache karibu na Dar es Salaam na Pwani, basi. Amewahi kuwekwa kwenye orodha ya nyani na jamaa zao 25 walio hatarini zaidi duniani. Mnyama huyu ni wa kwetu. Watoto wa Lindi na Mtwara wanamjua simba wa Serengeti kwenye daftari, komba wa Rondo hawajawahi kumsikia. Hili linaniuma, nalisema wazi, na sisi walimu ndio wa kwanza kulirekebisha.

Wapo watakaosema mambo haya hayawezekani, watu wana njaa, mkaa ndio unalipa ada. Njaa naijua na ada naijua. Lakini nimeshaona yakiwezekana. Popo mkubwa wa Pemba alikuwa akiwindwa kwa ajili ya nyama mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno. Wanavijiji wakaunda vikundi vya kuwalinda kwenye miti wanayolala, pale Kidike kwa mfano, watoto wakafundishwa shuleni, uwindaji ukapungua, na popo wakarudi kwa maelfu. Na karibu zaidi, Kilwa, vijiji vimepewa misitu yao kisheria, vikavuna mpingo kwa mpango na kupata hati ya kimataifa ya uvunaji bora mwaka 2009, na fedha za mbao zikajenga vitu vinavyoonekana vijijini. Wale ni watu kama sisi, wanalima ufuta kama sisi.

Ninachoomba kijiji hiki kifanye ni kidogo. Kabla ya kuangusha mkorosho, mwembe au mbuyu mkongwe, mulika mapango yake. Kama una mapango na bado unaweza kuacha mmoja katika kila ekari, uache ule wenye pango, hata kama hauzai sana, hasa ulio mpakani mwa shamba ambako hausumbui palizi. Kama lazima uangushwe, subiri makinda yatoke, ni suala la wiki chache. Sumu ya panya iwekwe mahali ambapo panya aliyekufa ataokotwa na kufukiwa. Na bundi asiuawe. Kwa wanaotaka kusikia sheria, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuua mnyamapori bila kibali, na bundi ni mnyamapori. Lakini mimi ningependa aachwe hai kwa sababu mmeyaona yale mafuvu kwenye karatasi.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mkuu wa shule ameniambia tuna muda wa maswali.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele alisimama akauliza: "Mwanangu, umesema vizuri. Lakini wako watu wanamtumia bundi kwa mambo yao. Hilo nalo utasema ni nondo?"

Nilimjibu hivi: Mzee wangu, shikamoo tena. Wako watu wanaomkamata bundi, wakachukua manyoya, kucha au kichwa wakauza. Hilo lipo, sikatai. Lakini anayetenda pale ni mtu. Bundi aliyekatwa kichwa hana kosa, kama mbuzi alivyo hana kosa akichinjwa kwa nia mbaya. Mtu mwenye kutisha wenzake kwa kichwa cha ndege ana nguvu kwa kadiri tunavyomwogopa ndege. Tukiacha kumwogopa, biashara ile imekufa. Ndiyo maana naliona jambo hili kuwa la amani ya kijiji, si la ndege tu. Mzee alitikisa kichwa akasema atalifikiria, na akaniomba nimwachie lile fuvu moja akawaonyeshe wajukuu. Nikampa.

Binti wa kidato cha pili aliuliza: "Mwalimu, nikiokota kinda la bundi chini ya mti nifanye nini?"

Swali zuri sana. Kwanza tazama juu, utafute pango alikotoka. Kama hajaumia, umrudishe, au umweke kwenye tawi la karibu ambalo mbwa na paka hawalifikii. Mkono wako hautamfanya mama yake amkatae. Wazazi watakuja giza likiingia, kwa hiyo usikae pale na tochi. Usimpe maziwa, ndege hanyonyi, wala ugali. Usimfunge kamba mguuni. Kama amevunjika bawa, mweke kwenye boksi lenye matundu, mahali penye giza na utulivu, na mzazi wako apige simu kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri siku hiyo hiyo.

Na kwa wakulima: daftari liko kwa mwalimu wa baiolojia pale mlangoni. Mwenye shamba lenye mti wa pango aandike jina na kitongoji chake kabla ya kuondoka. Wanafunzi wa klabu ya mazingira wataanza kupita mashambani Jumamosi hii na kopo la rangi nyeupe kuiwekea alama miti hiyo, kwa idhini ya mwenye shamba. Chai ipo nyuma ya darasa, karibuni.